Mshenga wa Da Breda

Mwezi uliopita, ndani ya basi la Stratford Road, hapa Birmingham, alikuja kukaa karibu nami mzee mmoja aliyevaa koti la sufu lililolowa mvua. Koti lilinuka tumbaku ya kiko, jasho la siku nyingi, na moshi wa kitu ambacho si kuni wala makaa. Mzee wa watu hakunifanya lolote. Alinisalimu kwa kichwa, akaiweka fimbo yake katikati ya magoti, akatazama nje. Mimi nikasimama, nikaenda kukaa nyuma kabisa, ngumi nimeikaza kama mtu anayetafuta ugomvi. Basi lilikuwa limekwisha kupita vituo kadhaa ndipo nilipoelewa nimemkasirikia nani. Nilimkasirikia Mattie, ambaye bila shaka amekwisha kufa, na kama hajafa basi Mungu amempa umri asioustahili.

Nyinyi mliolelewa Sparkhill wakati wetu mnakumbuka kwamba kabla ya maduka ya vitambaa na nyama ya halali, mtaa ule ulikuwa wa Waairishi, watu wa Ayalandi. Sisi ndio tuliokuwa wageni. Baba na Mama walitoka Unguja baada ya mambo kuharibika kule, wakapata nyumba ya kupanga kwenye safu ya nyumba zilizoshikana, choo nje uani, ukuta mmoja baina yetu na jirani. Jirani huyo alikuwa Bi Nolan, mjane mrefu mwenye mdomo mwembamba, ambaye sikuwahi kumwona amekaa bila ya kuwa na kitu cha kusugua mkononi. Mama akitwanga bizari, Bi Nolan hugonga ukuta kwa mpini wa ufagio. Mama naye huzidisha kutwanga. Siku nyingine bizari imekwisha lainika zamani, na Mama bado anatwanga kinu kitupu, jasho linamtoka, kwa kumkomoa tu.

"Sasa unatwanga nini?" Baba humuuliza.

"Kichwa chake," Mama hujibu.

Mimi nilitiwa katikati ya vita hivyo kwa sababu ya bomba. Majira ya baridi ya mwaka mmoja bomba la Bi Nolan liliganda kwa barafu likapasuka, na Baba, aliyekuwa fundi katika karakana moja ya Tyseley, akavuka ukuta na zana zake akalitengeneza. Bi Nolan hakusema asante. Lakini Mama alipopata kazi ya kusafisha ofisi nyakati za jioni, na ikawa hakuna wa kukaa nami baina ya shule na Baba kurudi, Bi Nolan alisema ukutani, bila ya kumtazama mtu, kwamba mtoto anaweza kukaa jikoni kwake. Nikapewa kigoda karibu na mlango. Na nikapewa neno moja, ambalo ndilo karibu neno pekee aliloniambia mwaka mzima: "Usiguse."

Ningekufa kwa upweke jikoni mle kama si binti yake. Jina lake Breda, na Mama alinikataza kumwita Breda kavukavu, kwa kuwa alikuwa mtu mzima aliyepita thelathini. Nikamwita Da Breda, naye akacheka akasema anasikia kama jina la mtu mwingine mwenye bahati kuliko yeye. Alikuwa kondakta wa basi. Alirudi na sare yake ya buluu iliyokoza, mashine ya tiketi kifuani, vidole vimeota weusi wa chenji za watu, na kitu cha kwanza alichokifanya ni kunivika mimi ile mashine shingoni na kuniacha nizungushe mpini wake. Aliniuliza maneno ya kwetu. Maji. Njoo. Kwaheri. Akiyasema yalitoka yamepinda, akayarudia mpaka yakanyooka. Mama yake humtazama kwa jicho la pembeni, akasugua sufuria.

Bi Nolan alikuwa na tumaini moja tu duniani, nalo lilikuwa Castle Vale. Kule, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, halmashauri ilikuwa inajenga maghorofa yenye maji ya moto na choo cha ndani, na yeye alikuwa ameomba nyumba ya watu wawili, yeye na binti yake. Alijua ghorofa anayoitaka. Alijua hata upande wa dirisha. Da Breda akisikiliza habari za Castle Vale huwa anatazama moto wa gesi.

Sasa nieleze habari ya chaki.

Jumapili moja mwanzoni mwa Kwaresima, ule mfungo wao, nilikuwa nacheza barazani nilipomwona Da Breda akija kutoka kanisani na koti lake zuri la kijani. Watoto wawili watatu walimfuata nyuma wakicheka. Alipopita mbele yangu niliona mgongoni mwake mistari miwili mikubwa ya chaki iliyokatana, kama ile aliyotuwekea mwalimu wetu kwenye hesabu iliyokosewa. Basi nikamuuliza kwa huruma kabisa, "Da Breda, umekosea nini?"

Hakunielewa. Nikamwonyesha mgongo. Akalivua koti palepale barabarani, kwenye baridi ile, akalitazama, akacheka kicheko kimoja kikavu. Halafu akakaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu akalia mpaka Mama akatoka na kitambaa kilicholowa akaanza kulifuta koti, haulizi kitu, anafuta tu kwa nguvu kama anamfuta mtu uso.

Baadaye nilijua ilivyo. Huko mashambani kwao, magharibi ya Ayalandi, harusi hazifungwi wakati wa mfungo. Wiki za kabla yake ndizo za washenga na posa, na yule ambaye msimu umempita bila ya kuolewa wala kuoa, vijana humvizia kanisani Jumapili ya kwanza wakampaka chaki mgongoni ili watu wote wamcheke. Inasemekana hata hukohuko desturi hiyo ilikuwa imekwisha kufa. Lakini wahuni wa wilaya yao waliokuwa Birmingham wakaona waifufue kwenye ngazi za kanisa la Sparkhill, juu ya mwanamke aliyekuwa akiwakatia tiketi kila siku. Mimi, kwa akili yangu ya utoto, nilielewa kitu kimoja tu: kwamba Da Breda amepewa alama ya kukosa, na mtu akipewa alama ya kukosa huja mtu kumwadhibu.

Kwa hiyo Mattie alipokuja, mwisho wa kiangazi, sikushangaa.

Alikuwa mjomba wake Da Breda, kaka wa Bi Nolan, mtu mfupi mwenye tumbo gumu na macho yanayokimbia chumbani kama ya mnunuzi mnadani. Alitoka Ayalandi kwa meli na koti lake linanuka ule moshi, moshi wa udongo mweusi wanaouchimba huko, wakaukausha na kuuchoma kama kuni. Kazi yake, mbali na kuuza ng'ombe, ilikuwa kuunganisha watu. Alijisifu jikoni mle kwamba nusu ya watoto wa wilaya yake wamezaliwa kwa mdomo wake. Alinikuta kwenye kigoda changu akamuuliza dada yake, "Hiki nacho umekitoa wapi?" Bi Nolan akaendelea kusugua.

Nilisikia ugomvi wao siku nyingi zilizofuata, kupitia ukuta, na Mama naye akaacha kutwanga ili asikie vizuri. Bi Nolan alikuwa akipiga kelele. Mtu ambaye sikuwahi kusikia sauti yake ikipanda, sasa anapiga kelele mpaka vikombe vyetu vinalia kabatini. Sikupata maneno yote. Nilipata "shamba", nikapata "mama yake", nikapata "utakwenda, utakwenda", na nikaamua moyoni kwamba Bi Nolan ndiye aliyemwita kaka yake, na ndiye anayemfukuza binti yake aende. Nani mwingine? Ndiye mwenye sura ya ukali. Nikaanza kumchukia kwa bidii. Nilikuwa nikikaa pale kwenye kigoda nikimtakia mabaya mgongoni, naye anasugua.

Jumamosi moja Mama alikuwa kazini, Baba yuko zamu, nami nikawa jikoni kwa Bi Nolan wakati Mattie alipoingia na mtu mwingine. Huyo alikuwa Con, mwenye shamba, mtu wa karibu miaka hamsini, shingo nyekundu iliyochubuliwa na kola mpya. Alikaa ukingoni mwa benchi na kofia yake magotini. Mattie alikalia kiti cha marehemu Bwana Nolan bila ya kukaribishwa, akatoa chupa ya wiski mfukoni, akaiweka mezani. Da Breda alisimama karibu na jiko, amevaa rinda la Jumapili. Hakuna aliyekumbuka kunitoa.

"Con ana ng'ombe," Mattie alianza, kana kwamba Con hayupo. "Ana malisho mpaka mtoni. Ana udongo wa kuchoma wa kumtosha yeye na wajukuu. Na kisima hakiko mbali."

"Hakiko mbali kwa miguu ya nani?" aliuliza Bi Nolan. "Yako wewe, au ya yule atakayebeba ndoo?"

Mattie alicheka peke yake. Akamgeukia Da Breda, akamtazama juu mpaka chini, akamuuliza mama mtu, "Anakamua?"

"Anakata tiketi."

"Atajifunza. Mabega anayo."

Niliyatazama mabega ya Da Breda, ambayo nilikuwa nikiyalalia nikichoka, na nikahisi kama mtu ameniibia.

"Na yule mama yake?" aliuliza Bi Nolan. "Zungumza habari ya yule mama, Mattie. Usizungukezunguke."

"Mama yake Con ni mtu mzima sana. Ana chumba chake upande wa magharibi, ana kiti chake karibu na moto, ana yai lake la asubuhi. Ndiyo mapatano ya siku zote, wewe unayajua. Hamsumbui mtu. Baridi hii sijui kama ataimaliza."

"Na mimi mlinipa maneno hayohayo!" Bi Nolan aliuacha mkono wake juu ya meza, na kwa mara ya kwanza mkono huo haukuwa na kitu. "Wewe na baba yetu, mlinikalisha hivi. Nikaingia nyumba ile, bibi kizee yuko hoi, kasisi amekwisha kuitwa. Asubuhi ya pili akainuka kitandani akaja kuniambia nimezidisha chumvi. Akaendelea kuniambia hivyo mpaka nikamvuta mume wangu kwa shati tukapanda meli."

Con akafungua mdomo. "Mama hali chumvi," alisema, kisha akanyamaza tena, na hayo ndiyo maneno yote niliyopata kuyasikia kwake.

Mattie akasogeza kiti. Alisema wakati umefika wa kusikia binti anakuja na nini, kwa sababu Con ana dada yake, na dada huyo hawezi kutoka nyumbani kuolewa mpaka mke wa Con aingie na kitu kitakachomtoa. Ndivyo inavyokwenda huko kwao: anachokuja nacho bibi harusi wa nyumba hii ndicho kinachompeleka bibi harusi wa nyumba ile.

"Sitoi kitu," alisema Bi Nolan. "Si kijiko. Si shuka."

Ndipo Da Breda akasema, taratibu kabisa, "Ninacho changu. Nimekiweka mwenyewe. Hakimhusu mtu."

Mattie akampigia Con jicho. Akatema mate kwenye kiganja chake, Con akatema kwenye chake, wakapigana viganja mpaka pakalia. Bi Nolan aliinuka, akaichukua ile chupa ya wiski, akaimimina ndani ya sinki, yote, bila ya haraka, akaiweka chupa tupu mezani mbele ya kaka yake.

Na mimi nilifurahi! Nielewe hivi: mtoto wa Kiswahili, nimezoea kusikia kwamba mwanamume ndiye anayetoa mahari. Sasa nimeona mwanamke anawapa wanaume akiba yake, wanaume wakapeana mikono, wakasimama, wakavaa makoti. Nilielewa kwamba Da Breda amewalipa waende zao. Amejikomboa. Ndiyo maana Bi Nolan amekasirika mpaka kumwaga pombe.

Mattie akiwa mlangoni aliniwekea kichwani kiganja kilekile alichokitemea. "Na cheusi hiki tutakitafutia nani?" alisema, na akacheka.

Niliukamata mkono wake kwa meno, pale kwenye nyama chini ya kidole gumba, nikauma mpaka nikapata ladha ya tumbaku. Alipiga kelele kama kitoto. Aliinua mkono mwingine kunipiga, na nikasikia nyuma yangu lile neno nililolizoea, "Usiguse," lakini safari hii Bi Nolan hakuniambia mimi. Mattie akaushusha mkono. Sijutii meno yale. Katika mambo niliyoyafanya kabla ya kubaleghe, lile nalihesabu miongoni mwa mazuri.

Jioni nilimsimulia Mama nikirukaruka. "Kawalipa, Mama! Kawalipa na wamekwenda!"

Mama alikuwa anakata mkate wa kumimina. Kisu kikasimama. Akaniuliza maswali mawili matatu, nani kasema nini, nani kamshika nani mkono, halafu akamtazama Baba. "Amekwishaozwa huyo," alisema. "Na mahari katoa mwenyewe."

"Mwanamke ndiye anayetoa?" Baba alicheka. "Basi mimi nilizaliwa pabaya."

"Cheka tu. Mimi nimeozwa kwa mshenga na sioni haya. Lakini mshenga wetu alikuja mchana, kakoga, kakaa barazani, na babangu alipomuuliza akasema hata yale mabaya. Alisema kijana huyu mkimya lakini ana hasira za asubuhi."

"Uongo."

"Ulikuwa uongo? Huyu mshenga gani anakuja na chupa, na anampima mtoto wa watu mabega?" Mama alinikatia kipande cha pili cha mkate, kikubwa kuliko cha kwanza. "Kula. Hicho cha kumuuma yule."

Nilikila lakini hakikupita vizuri. Nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba Da Breda atakwenda, na kwamba nilipofurahi mimi ndipo alipokuwa anauzwa. Tangu siku ile nilikataa kukaa kwenye kigoda cha Bi Nolan. Nilimwambia Mama nitamngoja Baba uani, mvua inyeshe isinyeshe. Da Breda alikuja mara nyingi kuniita kupitia ukuta, nami nikajifanya sisikii. Nilimchukia na yeye sasa, kwa kuwa hakupiga kelele, kwa kuwa hakuuma mtu.

Aliondoka kabla ya Kwaresima iliyofuata, kwenda kuolewa huko. Bi Nolan hakutoka hata mlangoni. Asubuhi ile Da Breda alisimama chini ya ngazi zetu na sanduku lake, akaita jina langu, nami nimejilaza juu kitandani, uso ukutani. Mama akanipandia akanivuta mguu, nikaushika mchago wa kitanda kwa mikono miwili. Kutoka chini nikasikia neno, limenyooka kabisa, halina hata kosa: "Kwaheri." Sikulijibu. Nikasikia mlango, nikasikia sanduku likigonga ngazi za barazani, na nikabaki nikihesabu makosa ya kila mtu.

Bi Nolan hakupata nyumba ya Castle Vale. Aliomba ya watu wawili, na sasa alikuwa mmoja. Akabaki palepale, ukuta kwa ukuta nasi, na hakugonga tena. Mama alitwanga atakavyo, na nadhani kimya hicho kilimuudhi zaidi kuliko ufagio.

Halafu mabomu yakalipuka kwenye baa za katikati ya mji, wakashukiwa Waairishi, na ikaja ile miaka ambayo mji ulimgeukia kila aliyekuwa Mwairishi. Waliokuwepo wanajua, sina haja ya kueleza zaidi. Watu waliokunywa chai pamoja kiwandani waliacha kusemeshana. Kioo cha mbele cha Bi Nolan kilivunjwa kwa jiwe mchana kweupe, na aliyelitupa hakukimbia, alitembea. Bi Nolan akaacha kusema madukani. Alionyesha kidole mkate, akaonyesha kidole maziwa, ili mtu asisikie matamshi yake, na alipoona bado wanamjua, akaacha kwenda kabisa. Mama ndiye aliyemnunulia. Usifikiri kwa mapenzi. Alikuwa anagonga mlango kwa teke, anauweka mkate kizingitini, na anasema kwa Kiswahili maneno ambayo siyaandiki hapa. Bi Nolan anafungua Mama akishageuka. Hawakuwahi kukaa pamoja hata mara moja.

Katika kipindi hicho, siku moja natoka shule, nilimkuta Da Breda amesimama kwenye mlango wa mama yake. Nilikuwa nimekua, nina kimo kama chake. Alikuwa amekonda, uso umekauka kwa upepo, na amembeba mtoto wa kike mwenye usingizi. Alikuwa anagonga. Pazia la juu likatikisika kidogo. Mlango haukufunguliwa.

"Nimekuja kumchukua," aliniambia, bila ya salamu. "Hapa watamuua. Kule kuna nafasi."

"Hataki," nilisema.

"Naona."

Mama akamwingiza kwetu, akampa chai, akamchukua mtoto akamlaza kwenye makochi, akaenda jikoni akatuacha. Nikamkalia Da Breda mbele. Nilikuwa na maneno niliyoyaweka tangu asubuhi ile ya kitandani, na niliyatoa kwa sauti mbaya. Nilimwambia angekataa. Nilimwambia angesema hapana, mbele ya Mattie, mara moja, na hakuna ambaye angemfunga kamba. Alikuwa anakata tiketi za mji mzima na hakuweza kumkatalia kizee Mattie na mama yake mwenyewe?

Aliweka kikombe chini. "Nimkatae nani?" alisema. "Mimi ndiye niliyemwita Mattie."

Nikamtazama yule mtoto kwenye makochi.

"Baada ya ile chaki. Nilimpelekea habari aje, anitafutie mtu, yeyote mwenye mlango wake. Mama alinipigia magoti nisiende. Alilia. Alipiga kelele siku nyingi, hukusikia? Ukuta wenu huu?"

Nilisikia. Kila kitu nilikuwa nimekisikia, nikakipanga kinyume. "Utakwenda, utakwenda" haikuwa amri, ilikuwa kilio.

"Castle Vale ilikuwa na choo cha ndani," nilisema, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumrushia.

"Ilikuwa na Mama ndani. Mimi na yeye na kitambaa cha kusugulia, ghorofa ya juu, mpaka mmoja wetu afe." Alikunywa chai. "Nilitaka mlango wangu."

"Na umeupata?"

"Nimeupata. Una kizee nyuma yake."

"Bado hajafa?"

"Sasa anakula mayai mawili."

Kutoka jikoni nilisikia Mama akiguna. Da Breda hakucheka. Aliniambia kwamba siku ya harusi walikuja wanaume waliojivika majani makavu ya ngano kutoka kichwani mpaka kiunoni, nyuso hazionekani, ndiyo desturi, wakaingia bila ya kualikwa wakacheza na bibi harusi bila ya kusema neno. Mmoja alimkanyaga mguu makusudi, na alipoondoka akamkanyaga tena. Mpaka leo hajui ni jirani gani. Kila anayemwamkia njiani anamtazama viatu. Nilimuuliza kama anampenda Con, na nilihakikisha swali linauma.

"Con hasemi," alijibu. "Nimekaa na wanaosema."

"Basi ulituacha kwa ajili ya mtu asiyesema."

"Wewe sikukuacha," alisema, na sasa na yeye amekasirika, mashavu yamemwiva kama zamani. "Wewe una mama. Ulikaa kwenye kigoda chetu ukingoja mama yako arudi. Usinidai."

Alimwamsha mtoto kwa kumtikisa bega. Alikuwa na treni ya kuwahi, na baada yake meli. Barazani alisimama tena mbele ya mlango wa mama yake, safari hii hakugonga. Alimwinua mtoto juu, juu kabisa, mikono imenyooka, kuelekea dirisha la chumba cha mbele, akamshikilia hivyo mpaka mikono ikaanza kumtetemeka. Kisha akamshusha.

"Mwambie nilikuja," aliniambia.

"Anajua."

"Mwambie hivyohivyo."

Alipopinda kona, nilipita uani. Mlango wa nyuma wa Bi Nolan ulikuwa haufungwi na ufunguo. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za ndani, chini ya dirisha lile la juu, mikono mitupu juu ya magoti. Nikamwambia Breda alikuja. Nikageuka kwenda zangu, nimeridhika kwamba nimemaliza nililotumwa.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

Nilijua anamuuliza mtoto. Nikamwambia: Delia. Lilikuwa jina la Bi Nolan mwenyewe, jina ambalo mtaa mzima hakuna aliyelitumia. Mimi nililijua kwa sababu Da Breda alinambia mezani kwamba huko kwao binti wa kwanza hupewa la bibi mzaa mama.

Bi Nolan aliitazama mikono yake. Nilidhani atalia, na nilikuwa tayari kumwona akilia, nilikuwa nikilingoja hilo tangu utoto.

"Mimi nilitoka kule na jina langu tu," alisema. "Sasa na hilo wamekuja kulichukua, walirudishe huko."

Akainuka, akashika ukuta, akapanda ngazi kwenda chumbani kwake, na akanifungia mlango.